Faili Kubwa Linawezaje Kuwa Jepesi?

Benchi lilikuwa nje ya banda la fundi viatu, na asubuhi hiyo Seremala alilikalia kama mtu aliyebeba yai mkononi. Mkewe alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, akaacha video moja, aliyorekodiwa akiwa kitandani akizungumza na wanawe. Jumapili baada ya sala watoto wangekuja kuitazama. Lakini kwenye kompyuta ya nyumbani picha ilikwama, sauti ikatangulia mdomo. Fundi kompyuta akatengeneza nakala ya pili, kubwa zaidi, kwa kodeki nyingine, yaani namna nyingine ya kuikunja video. Sasa fundi huyo anasubiri Seremala amjibu: aweke ipi, afute ipi.

— Fundi anasema lile faili kubwa ndilo halitakwama, Seremala alisema taratibu. Hili dogo limekunjwa mno. Kompyuta yangu ya zamani inachoka kulikunjua.

— Kubwa liwe jepesi? Breki, dereva mstaafu, akaguna. Kaka, nimeendesha malori mpaka mgongo ukapinda. Mzigo mkubwa haujapanda mlima mbio hata siku moja. Debe tupu haliachi kuvuma! Kalijaza upepo huyo fundi wako.

— Bora upepo, alisema fundi viatu, waliyemwita Shahidi kwa kuwa hakuna ajali asiyodai kuiona. Mimi nashuku kaongeza mtu humo ndani.

— Mtu gani? Seremala akauliza. Alikuwa peke yake kitandani.

— Ndivyo wanavyotaka udhani, shemeji.

— Basi niweke lile dogo?

— Thubutu! Breki akaweka kikombe chini. Njia ya mwongo ni fupi. Faili likiwa fupi, ujue ni la mwongo.

— Dogo la uongo, kubwa la upepo. Nichague lipi, jamani?

— Usichague, Shahidi akanong'ona. Siku hizi wanachukua sura ya mtu wanaisemesha watakavyo. Utawakalisha wanao, mama yao aanze kuwatangazia sabuni.

Breki alicheka. Seremala hakucheka. Jana, dukani kwa fundi kompyuta, ile nakala kubwa ilipita laini kama ubao uliopigwa randa, naye badala ya kushukuru akaanza kushuku: hivi mke wangu alikuwa anapepesa macho hivyo?

Mwanamke mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama akisubiri kiatu chake kishonwe.

— Poleni, kaka zangu. Mmeitazama wenyewe?

— Mara nyingi! Breki akajibu. Nyumbani kwa Seremala, sote watatu. Anainua mkono, picha inaganda, bega linabaki nyuma.

— Na anawaambia nini wanawe?

Breki akamtazama Shahidi. Shahidi akainamia sindano.

— Anainua mkono, Breki akarudia, kwa sauti ndogo.

Mwanamke akamgeukia Seremala. Seremala alijua kila mahali picha ilipokwama. Alifumbua mdomo amjibu, akatafuta neno moja tu la mkewe, hakulipata.