Sekunde Kumi na Moja za Dawid Klaaste

Dawid Klaaste alizaliwa tarehe 3 Agosti 1958 hapa hapa Sutherland, Afrika Kusini, siku ambayo mkunga alifika na theluji mabegani, akiwa mtoto wa pili wa mama yake, ambaye sote tunamwita Ouma, yaani bibi, Katrina, aliyeketi pale mbele, na maneno haya yote yametoka kinywani mwake. Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1974, akaacha kwa kuwa shule ya mbele ilikuwa mbali.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye darubini za mlimani, kuondoa theluji juu ya mapaa, akajifunza kwa macho mpaka wataalamu wenyewe wakamkabidhi darubini ndogo. Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa Sanna Beukes, wakajaliwa binti mmoja, Lena, mwaka 1986, naye akafuata kazi ya baba.

Tangu 1999 Dawid alizipima nyota mbili zinazozungukana, moja ikipita mbele ya mwenzake mwanga unafifia, na kufifia huko kuna saa yake, ila yeye akaona miaka mingine kunawahi, mingine kunachelewa, sekunde chache tu, akasema huenda kuna sayari inazivuta. Mtaalamu mmoja mgeni akamwambia mbele ya watu, "Mzee, kinachochelewa ni saa yako." Dukani nako, walikomwita Oom, yaani mjomba, wakamtania, "Oom Dawid, sayari haijambo?" Akapiga hesabu, akawajibu, "Ngojeni Juni 2024. Mwanga ukichelewa kufifia kwa sekunde kumi na moja, ipo. Usipochelewa, haipo."

Februari mwaka huo mapafu yakamlaza hospitalini. Usiku wa tarehe 26 Juni Lena akapima mwenyewe, kwa saa mpya, akarudia hesabu mara tatu, asubuhi akafika hospitali, na mama yake akamzuia mlangoni.

"Umepata ngapi?"

"Sifuri, Ma."

"Mwambie kumi na moja. Miaka ishirini na tano, Lena. Huyu anakufa."

"Ma, ataniuliza mpaka vipande vya sekunde."

Ouma Katrina alikuwa kitini karibu na mlango, anasikia yote.

Dawid akauliza. Lena akashika chuma cha kitanda, akasema, "Haukuchelewa, Pa."

Dawid akafumba macho, Sanna akageukia ukutani.

"Umeangalia vizuri?"

"Mara tatu, Pa."

"Basi andika. Na jina langu liweke juu, mimi niliyesema ipo, ndimi ninayesema haipo."

Alifariki siku hiyo, tarehe 27 Juni 2024, saa nane mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na supu ya kondoo, wenzake wa mlimani, na yule mtaalamu mgeni, aliyesafiri siku mbili na leo amelishika jeneza upande wa kichwa. Karatasi ya matokeo hayo ilipelekwa jana kwenye jarida la elimu ya nyota, jina la Dawid likiwa la kwanza.

Lala kwa amani, Dawid, kipimo chako kimefika.