Miezi Sita ya Dafroza Mashineni

Kijiwe chetu pale Chonyonyo ni benchi moja la mbao linalotazamana na mashine ya kusaga ya parokia, ng'ambo ya barabara. Mimi ni fundi baiskeli, wananiita Spoki, na siku isiyo na pancha huwa wa kwanza kulikalia. Alasiri ile ya mwaka themanini na saba mvua ilikuwa imetoka kukatika, ukungu umelala juu ya migomba, unga unaelea mlangoni mwa mashine, na kahawa ya Mama Eustadia inanukia hadi mtu unasahau ulichokuja kufanya. Lakini mioyo haikutulia. Kamati ya parokia ilikuwa imekaa tangu asubuhi kuamua habari ya Dafroza, binti kutoka Mabira asiyesikia wala kusema, aliyejaribiwa kazi pale mashineni miezi sita. Ama aajiriwe kwa mshahara, ama arudi kwa mjomba wake kuchunga mbuzi bure kama zamani. Mwenyewe alisimama mlangoni akitutazama, maana habari za parokia hupita kwetu kwanza.

Wa kwanza kusema alikuwa Anatory, tunayemwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia.

Redio: Watamchukua tu. Julai si aliweka kiganja kwenye mashine, akaizima? Tulipochungulia, mkanda umebakia uzi!

Mimi: Na sisi wenye masikio ya kuusikia mkanda tulikuwa tunacheza bao.

Hategekimana aliwahi kulinda mahakama ya mwanzo, ndipo akapata jina la Sheria. Akainua kidole.

Sheria: Lakini wahenga wamesema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu mbona miguu mizima?

Mimi: Sheria, methali hiyo siyo ya viziwi.

Sheria: Ya nani sasa? Imeandikwa "asiyesikia".

Mzee Mutalemwa akacheka polepole. Ni mwashi, na ukimuuliza nyumba yako itaisha lini, jibu unalijua. Ndiyo maana tunamwita Kesho.

Kesho: Waitu, ndugu zangu, mwenye akili ni Sista Costansia aliyemfundisha kazi kwa ishara za mikono. Mwezi wa kwanza alisimama na binti bega kwa bega. Wa pili akasogea mlangoni. Baadaye akawa anakuja Jumamosi tu. Wiki jana kahamishwa, na mashine inasaga.

Sheria: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kibaba gani? Sista si amepungua?

Sheria: Basi haba na haba humwaga kibaba. Zote sheria.

Mama Eustadia akatujazia vikombe. Ng'ambo, Dafroza alikuwa hajasogea. Nilimwonea huruma, kisha nikaona haya, kwa sababu huruma ni kitu rahisi ukiwa umekaa.

Redio: Mnajua sauti humwingilia wapi? Nyayoni. Wakati wa vita vya Kagera, mtoto mdogo huyu, alimwamsha mama yake kabla mizinga haijalia mpakani.

Kesho: Uliambiwa na nani?

Redio: Kuna mambo mtu huyajua tu. Usiku anasikia migomba ikizaa.

Kesho: Mimi huwaza akilala. Kiziwi akiota, ndoto ina sauti?

Tone likaanguka kutoka jani la mgomba, tukalisikia wote.

Sheria: Sauti zisizomwingia haziwezi kupotea. Hushuka bondeni, zinaingia mto Kagera, zinakwenda hadi ziwani. Unadhani ziwa linavuma kwa nini?

Redio: Sasa siku moja akifumbua kinywa, zinarudi zote! Kengele za miaka ishirini, ng'ombe, harusi, mvua...

Kesho: Na sisi. Yote tuliyosema hapa.

Hapo hata Redio alizima. Nilikuwa bado nayaona maneno yetu yakielea mtoni pamoja na majani, ndipo baiskeli ikasimama mbele yetu. Alikuwa Anastazi, karani mpya wa parokia, mtu wa Bugomora, hana hata wiki hapa kwetu.

Anastazi: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Anastazi: Dafroza ameajiriwa, mshahara kuanzia Jumatatu. Barua hii hapa, ila naambiwa shule hakupelekwa, na Sista hayupo. Nani kati yenu anajua kumwambia?

Redio akaanza kujikuna kisogo. Sheria akatazama kidole chake. Mzee Kesho akaangalia sakafu ya kikombe. Miezi sita tulimpitisha binti yule mdomoni mwetu kila alasiri, na hakuna aliyewahi kumuuliza Sista angalau "habari za asubuhi" husemwaje kwa mikono. Tuliinamisha vichwa kwa aibu, wote.

Dafroza aliona. Aliona karani na barua, akaona wanaume wanne wameinamisha vichwa kama msibani. Taratibu akapeleka mikono mgongoni, akafungua fundo la aproni, akaivua, akakung'uta unga, akaanza kuikunja vizuri kama kitu cha wenyewe kinachorudishwa.

Sikumbuki nilivyonyanyuka. Nilijikuta katikati ya barabara, kikombe kimeanguka, mikono yote miwili juu, nakimbia na kumpigia kelele mtu asiyesikia: "Dafroza! Dafroza, usiivue!"