Shangazi, Banda la Juu na Lori Lililoondoka Tupu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mkuu wa wakamuaji anatundika aproni yake. Jina lake kamili liko kwenye hati ya mshahara, ila humu shambani hata meneja, anayemzidi umri, humwita Shangazi.

Alianza kwa kufagia mabanda, akapanda kuwa mkamuaji, kisha akawa msimamizi wetu. Amepigwa mateke na ng'ombe mara nyingi, na kila mara alimtetea aliyempiga.

Kila asubuhi, kabla ndoo yoyote haijaguswa, aliwaamkia ng'ombe wote, banda la juu kisha la chini, wakubwa kwanza, akimkuna kila mmoja chini ya kidevu. Alishikilia kwamba ng'ombe aliyerukwa hubana maziwa. Tulicheka, lakini kwa mbali.

Ndipo ukaja ule mwaka wa kuhara. Ng'ombe wa banda la juu walihara mpaka kuta zikahitaji kuoshwa. Ajabu, ndama walikuwa wakirukaruka. Wagonjwa ni mama zao. Maziwa yakakauka, meneja akaingiwa na hofu, akaagiza lori la mchinjaji lije liwasombe wote wa juu kabla hawajamfia.

Daktari wa mifugo akasema ni virusi, hupita vyenyewe kwa siku chache. Wapewe maji na chumvi, ila visifike banda la chini. Akauliza nani hutoka huku akaingia kule. Wakamuaji tukatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Shangazi akasema ni yeye, na mabuti yake, na mkono wake wa kukunia videvu. Kisha akamwomba meneja lori lisubiri hadi Jumamosi.

Akahamia banda la juu, akinywesha, akiosha, akikemea. Banda la chini akamwachia mlinzi, mtu anayeogopa ng'ombe tangu azaliwe, awaamkie mmoja mmoja kwa niaba yake. Mlinzi alisimama mlangoni, akasema hamjambo nyote, akaenda zake. Kwa hilo hajasamehewa.

Jumamosi lori likafika. Shangazi alimpa dereva chai, akamwonyesha meneja ng'ombe wanavyocheua, akasema anayecheua haendi buchani. Kisha akasimama nyuma ya lori, mikono kiunoni. Kikongwe mmoja tulimpoteza, tusidanganyane. Waliobaki walipona, na banda la chini hakuugua hata mmoja. Dereva alimaliza chai, akageuza lori tupu.

Tangu hapo kila mlango una beseni la dawa, na hakuna buti linalopita kavu. Meneja alijaribu mara moja kupita na viatu vyake vya ngozi. Sasa ana mabuti.

Maziwa yaliyomo kwenye chai mnayokunywa hapa ni ya wajukuu wa ng'ombe wale wa banda la juu. Kunyweni taratibu. Shangazi, asante. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma, na usingizi wa asubuhi mpaka jua lenyewe lichoke kukungoja.