Wagonjwa wa Tabibu Ursula

Waombolezaji wapendwa, Ursula Mapunda, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 4 Juni 1971 huko Maposeni, mtoto wa tatu wa mzee Kajetani na mama Brigita, akasoma shule ya msingi huko huko, sekondari hapa Songea, kisha chuo cha utabibu, akaanza kazi Namtumbo mwaka 1996, na miaka saba baadaye akahamia kituo kimoja cha afya hapa mjini, alikowahudumia wagonjwa wa nje hadi nguvu zilipomwishia. Mwaka 1998 alifunga ndoa na Gaudence Ngonyani, wakajaliwa watoto wawili, Agape na Clinton.

Waliopita mikononi mwake, hasa watu wa makamo, wanajua kwamba aliyelalamikia uchovu aliulizwa kwanza kama anapata kiu na kukojoa sana, na aliyeumwa kisogo alikalishwa, akapumzika, ndipo akapimwa presha, na siku nyingine akapimwa tena, maana hakuamini kipimo kimoja.

Desemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Januari haijaisha alikuwa hawezi tena kusimama. Jumapili tarehe 9 Februari alifika nyumbani Mjimwema Bwana Alfani, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, akamshukuru Ursula kwa kumsimamisha siku mbili kabla pale stendi na kumhimiza akapime sukari, ambayo kweli ilikutwa juu sana. Sisi tulidhani amemfananisha, lakini Ursula akamwuliza taratibu, "Nilikuwa nimevaa nini?"

"Koti lako jeupe, mama, ila miguu ilikuwa mitupu."

Ursula akaitazama miguu yake iliyovimba juu ya mto.

Wiki iliyofuata akaja mwalimu Halima, aliyesema Ursula alimwonya sokoni kuhusu presha, naye alisema hivyo hivyo juu ya miguu. Tangu hapo Ursula aliogopa kusinzia, akamwomba mumewe asimwachie mkono.

"Siendi popote, Baba Agape," alimwambia, "lakini nikiamka nyayo zinauma kama nimetembea." Kisha akauliza, "Wote wamekutwa wanaumwa kweli?" Alipoambiwa ndiyo, akasema wasifukuzwe, akawa anawapokea kitandani, akiwaelekeza kupunguza chumvi na kutoacha dawa hata wakijisikia wazima.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mjimwema waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza.

Jana, Jumatano, aliingia uani hapa Bwana Daimu wa Namtumbo, asiyejua kuna msiba, akimwulizia tabibu aliyekutana naye barabarani asubuhi hiyo na kumwambia asirudi shamba bila kupima presha. Muuguzi aliyekuwa msibani alimpima, akaagiza gari papo hapo, na sasa amelazwa, anaendelea vizuri, mkewe tumeketi naye hapa.

Dada Ursula, wagonjwa waliobaki tutawapeleka kupimwa sisi. Usisimame tena barabarani, lala, upumzike kwa amani.