Mianzi Iliyovuka Mpaka

Kijiweni Ipinda, nje ya duka la Abasi, joto lilikuwa limegandisha mashati migongoni mwa watu, lakini habari ilikuwa ya shamba la baridi. Lugano alirithi bustani ya marehemu mama yake huko juu Tukuyu. Akang'oa masale, mimea iliyoonyesha mpaka wa bustani, akapanda mianzi ya kuzuia upepo, akiamini baridi itaidumaza. Baridi ikakausha majani tu. Mizizi ikatambaa hadi kwenye viazi vya jirani, mama Tulinagwe. Huyo ndiye aliyemuuguza marehemu mpaka mwisho, na sasa hata simu za Lugano hapokei. Hilo lilimuuma kuliko mianzi.

— Kesho napanda Tukuyu na sururu, alisema Lugano. Sirudi mpaka kieleweke.

— Mwanzi wa kwetu unatulia kichaka kimoja, alisema Dickson, fundi baiskeli waliyemwita Injinia. Huo wako mzururaji. Ukikata juu, chini unakucheka.

— Ndiyo maana nachimba mtaro. Kila mzizi unaovuka, nakata. Kila chipukizi, navunja. Mwaka huu, mwakani, mpaka uchoke wenyewe.

— Fukia mabati, kaka! alisema Injinia. Mazito!

— Mabati yanaoza, alidakia Abasi. Mwaga chumvi.

— Na viazi vya mama wa watu? aliuliza Lugano.

— Achaneni na chumvi, alisema Ambwene, ambaye kwa kupenda habari walimwita Bulletini. Leta nguruwe watatu tu wa kule Busale! Wanafukua kuliko katapila.

— Kwenye nguruwe mimi simo, alisema Abasi, akisogeza kikombe chake mbali.

— Basi tuombe wale wanyama panda kutoka China! alisema Bulletini. Nimewaona kwenye simu, kutwa wanatafuna mianzi.

Kijiwe kizima kikacheka, isipokuwa Lugano. Alikuwa amemwona Tulinagwe akishuka kwenye bodaboda na kiroba cha viazi vya kuuza.

— Mwagonile, alisalimia mama.

— Ndaga, mama, waliitikia kwa sauti ndogo. Lugano akainuka kumpisha kwenye benchi.

— Nisamehe, mama. Kesho nakuja kuchimba.

— Nimesikia, dereva uliyemwambia jana kanieleza njia nzima. Jembe langu ninalo, tutachimba wote. Mama yako asingependa tununiane. Ila niambie, mwanangu: huo mtaro tunauanzia wapi? Mpaka wetu ulipita wapi?

Masale yale aliyapanda mama yake Lugano, na Lugano aliyang'oa yote, akayachoma. Abasi akainamisha birika la kahawa, halikutoa kitu.

— Sijui, mama, alisema Lugano. Kesho tangulia wewe. Utakapokanyaga, hapo ndipo nitakapochimba.