Dada Mkasi na Sura ya Mlangoni

Ndugu, jamaa, majirani wa ghorofa zote nne za jengo letu, na ninyi wafanyakazi wenzake marehemu mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, poleni na asanteni kwa kufika. Familia imemkabidhi mdogo wake marehemu, huyu ambaye wengi wenu mnamwita Mlango, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba maandishi haya yalipitiwa na marehemu mwenyewe akiwa kitandani, kwa penseli nyekundu, kwa kuwa alisema hajawahi kuruhusu kazi itoke bila yeye kuiona, na kwamba zilikuwa kurasa kumi na moja, zikarudi nne. Mahali palipoandikwa kwamba alikuwa nguzo na taa ya ukoo mzima, alipiga mstari akauliza pembeni, "Huyu ni nani?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa baba aliyekuwa fundi rangi na mama aliyekuwa mshonaji, na miaka mitatu baadaye akafuata mdogo wake, ambaye ndiye kitinda mimba, maana walikuwa wawili tu. Tangu utotoni mdogo mtu ndiye aliyekuwa na maneno, akitoka shule anakuja na kisa, anapanda juu ya kigoda kukisimulia, anaanza na mvua ya asubuhi, anapitia kwa mwalimu wa zamu, anaeleza na viatu vya mwalimu wa zamu, na baba anaendelea kusafisha brashi zake kwa mafuta ya taa bila kuinua kichwa. Kisha dada mtu, huku anakunja nguo, anakisema kisa kilekile kwa maneno kumi, na baba anacheka mpaka anavua miwani kufuta machozi. Hapo ndipo kijiba cha roho kilipoota, na mwenye nacho hawezi kujitetea kwamba alikuwa mtoto, kwa sababu alikua nacho.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1965, katika shule iliyokuwa mkabala na yadi ya mbao, akamaliza Novemba 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, na mwaka 1976 akapata nafasi katika chuo cha ufundi wa picha, akiwa msichana pekee katika darasa la watu kumi na tisa, akahitimu tarehe 30 Septemba 1978. Hapa palikuwa na orodha ya zawadi zote alizopata darasani, nayo ameifuta, akaandika kwamba watu wataanza kuangalia simu.

Tarehe 3 Aprili 1979 aliajiriwa katika studio ya filamu iliyokuwa juu ya duka la dobi, kazi yake ya kwanza ikiwa kubandika majina kwenye makopo ya mikanda, na baada ya miaka miwili akapewa meza ya kuhariri, mkasi wake na utepe wake wa kuungia, katika chumba chenye dirisha moja lililozibwa kwa kadibodi, na humo ndimo alimopata jina la Dada Mkasi na kutengeneza filamu za vichekesho thelathini na mbili. Kwa wasioijua kazi hiyo, mhariri ndiye anayepokea vipande vyote vilivyopigwa, pengine saa arobaini za picha, akachagua, akakata, akaunga, mpaka ibaki saa moja na nusu inayoeleweka, na katika vichekesho shughuli ni pevu zaidi, kwa sababu sekunde moja ina picha ishirini na nne, na marehemu alikuwa akisema kwamba kichekesho kikizidi picha sita tu kinageuka kuwa maelezo. Akimaliza kuunga sehemu aliwaita madobi wapande kuitazama, watu saba wanane wenye mikono iliyolowa, akazima taa, na yeye hakutazama picha wala nyuso zao, alikaa pembeni akitazama miguu yao kwa ule mwanga uliorudi kutoka ukutani, maana alishagundua kwamba mtu anayecheka kwa adabu miguu yake hutulia sakafuni, lakini anayecheka kweli visigino vinanyanyuka. Visigino visiponyanyuka anarudi mezani, anapunguza picha mbili, anawaita tena, hadi mkubwa wa madobi akaja juu kulalamika kwamba mashati ya watu yanaungua huku chini kwa ajili ya kucheka.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, fundi lifti, ambaye walijuana siku marehemu alipokwama ndani ya lifti ya jumba la sinema akiwa na makopo mawili ya mikanda mikononi, mlango ukawa unafunguka shibiri moja na kufunga, unafunguka na kufunga, na kila ukifunguka inaonekana sura ya fundi ikiomba radhi, na marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni, akamwomba asiitengeneze kwanza. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1989, ambaye ni daktari wa meno, na kijana aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1992, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mjukuu mmoja. Katika sherehe ya harusi mdogo wake alitoa hotuba ya vichekesho ya dakika ishirini, wageni wakampigia makofi, bibi harusi akatabasamu kwa heshima, na miguu yake ikatulia pale pale ilipokuwa. Fundi lifti alijaribu tu kumlisha mkewe kijiko cha keki, kikamdondokea mwenyewe kwenye tai, na bibi harusi akaanguka kwa kicheko, na mdogo wake akaenda kusimama nje kwa muda kidogo.

Mwaka 1993 ilitengenezwa ile filamu ya mchumba anayekwenda ukweni kujitambulisha, anafungua mlango wa sebule, anakuta mwanamume mwingine amekalia kiti alichoandaliwa yeye, na ukoo mzima unampigia makofi. Mchumba huyo aliigizwa na mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekariri kurasa mbili za malalamiko, kwa machozi na kila kitu, na marehemu alizikata zote mbili, akaweka badala yake sura ya mchumba akiwa amesimama mlangoni kimya, sekunde tatu na robo. Mwigizaji alinuna mwezi mzima, hasalimii, mpaka siku ya onyesho la kwanza, ambapo ukumbi ulivunjika mbavu, na kuanzia hapo hakuna soko wala benki wala msiba anaoingia bila mtu kumwita Mlango na kumwomba afanye ile sura. Tarehe 18 Novemba 1994 alipewa tuzo ya mchekeshaji bora wa mwaka, akasema jukwaani kwamba sura ile aliifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa wiki tatu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwani baadaye alifungua na darasa la kuwafundisha vijana namna ya kuifanya. Mahali hapa marehemu hakukata kitu.

Kuanzia Machi 1995 hadi Juni 1998 marehemu alihamishiwa kitengo cha filamu za kilimo, ambako hakukuwa na waigizaji, palikuwa na kuku, na akapewa kuhariri filamu ya dakika kumi na nane kuhusu chanjo ya kideri. Filamu hiyo ina jogoo mmoja anayemwona bwana mifugo akitoa sindano, jogoo anageuza kichwa, anaonyeshwa bwana mifugo, anaonyeshwa jogoo, anaonyeshwa bwana mifugo, na jogoo hayupo. Wafugaji walikuwa wakiomba irudiwe mara tatu, kuku walichanjwa wengi kuliko wakati wowote, na mdogo wake, mwenye tuzo ya mchekeshaji bora kwenye kabati la vioo, alikwenda kuitazama akiwa amevaa kofia ili asijulikane, akarudi nyumbani akiwa anamwonea wivu jogoo. Marehemu ameandika hapa kwamba mtacheka, na kwamba msomaji asiendelee mpaka ahesabu mbili. Hata sasa, akiwa amelala mbele yetu, yeye ndiye anayejua mtacheka lini.

Filamu aliyoigiza mdogo wake katika muda huo ilihaririwa na mtu mwingine, kwa usimamizi wa mdogo mwenyewe, ambaye hakukubali sekunde yake hata moja ipotee, ikawa ya saa mbili na dakika kumi, na siku ya onyesho la kwanza yeye alikaa safu ya nyuma, akainama, akatazama miguu ya watu. Ilikuwa imetulia yote, ila ya wale waliokuwa wanaondoka. Julai 1998 marehemu alirudishwa studio, akaendelea na kazi yake, akahama kutoka mkasi hadi kompyuta bila kulalamika, akafundisha wahariri wengi walioko hapa leo, na kustaafu tarehe 31 Desemba 2018.

Marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo mwezi Machi 2022, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, chumba namba sita, kiti cha karibu na dirisha, na mdogo wake akawa anampeleka zamu moja, shemeji zamu mbili. Mwezi Januari mwaka huu alimwambia mdogo wake aandike historia hii mapema, akaipitia kwa siku nne, akamrudishia, na chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika, "Ya mlangoni sijaiona. Iandike." Mdogo wake aliahidi kuileta kesho yake, na kesho yake akasema keshokutwa, na Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, marehemu aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Kwa hiyo kuna ukurasa wa tano, ambao haukupita kwenye penseli nyekundu, na mtauvumilia urefu wake. Sura ile haikufanyiwa mazoezi. Siku ile mwongozaji alikuwa ameshasema tumekata, mpigapicha akasahau kuzima kamera, na marehemu alikuwa ameingia kuchukua mikanda ya jana, na mwongozaji akamshika mkono, akawatangazia wote waliokuwepo kwamba huyu ndiye anayewachekesha watu, sisi wengine tunamletea kuni tu, na mafundi taa, na wapambaji, na hata mpishi wakampigia makofi, na mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Mlichokicheka miaka yote hii ni wivu, mbichi, wa mtu na dada yake. Na yeye alikiona kipande hicho kwenye meza yake, akakirudia mara ngapi hakuna ajuaye, maana kazi yake ilikuwa kurudia, akajua ni nini kile na kilikuwa kinamtazama nani, na badala ya kumsuta nacho ndugu yake, akakichukua akakiweka mahali ambapo kitampa jina.

Na huyo aliyepewa jina, Februari 1995, alikwenda ofisini kwa mtayarishaji akamchongea dada yake, akasema macho yake yameanza kuisha, anakosea kukata, aibu tu ndiyo inamzuia kusema. Macho yake hayakuwa na kitu. Hivyo ndivyo alivyopelekwa kwa kuku, na kikulacho ki nguoni mwako, kwani wiki hiyohiyo alikuja kumpa pole na kula chakula mezani kwake. Shemeji, na ninyi wanangu, mnayasikia haya leo pamoja na watu wote. Aliyesema maneno yale ni mimi. Mtayarishaji aliniambia wakati wa mkesha kwamba marehemu aliyajua tangu mwaka uleule, akamwomba asimwambie mtu, na mimi nimekaa naye kwenye kile chumba namba sita karibu miaka miwili, mashine inazunguka, tunazungumza habari za hali ya hewa. Hata kwa hilo namwonea wivu, kwamba aliweza kuyabeba na bado akanichagulia mimi nisome.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, na hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimwekea mto chini ya mkono, inawashukuru majirani waliopanda ngazi na kushuka, inawashukuru wafanyakazi wenzake, na madobi wa zamani watatu waliobaki, ambao nimewaona wamekaa safu ya tatu. Katika nakala yangu ya kwanza palikuwa na mistari mingine sita baada ya neno la kuagana, pamoja na ubeti wa shairi, na marehemu ameipiga mstari yote, akaandika, "Ukishasema hivyo, kaa chini."

Pumzika kwa amani, dada.