Nyungunyungu wa Shamba la Mierebi

Kwenye basi letu la kwenda mji wa Enköping, huku Uswidi, kila mtu hukaa kiti chake, na begi lake hukaa cha pili. Ndiyo maana tuligeuka wote pale mzee mwenye fimbo ya kuvulia samaki alipomuuliza mama asiyemjua, "Hicho kikopo ni kahawa?"

"Ni nyungunyungu," mama akasema, akafunua. Walikuwa wanene kama vidole vyangu. "Nimewachimba kwenye mierebi yangu. Chukua, utapata chambo."

"Miti ile ya kuchomwa kwenye mtambo wa kupasha nyumba joto?" Mzee alikunja uso. "Binti yangu ananisumbua niipande. Mizizi yake itaziba mabomba yote ya kutolea maji shambani aliyozika baba yangu."

"Yangu mawili yameziba kweli," mama akakiri bila haya. "Lakini mwaka wa kumi na mbili huu plau haijagusa shamba. Majani yanaanguka, yanaoza palepale. Udongo uliokuwa mgumu kama tofali, sasa unazamisha mkono."

"Na siku ukitaka kurudisha ngano?"

"Nitang'oa visiki."

"Utang'oka meno kwanza, mama."

Mama alicheka, akamwekea kikopo mapajani. Mzee akachota humo udongo kidogo, akaunusa. Akaunusa tena, taratibu, mpaka kituo kizima kikapita.

"Bado nakataa," akasema basi liliposimama kituoni kwake. Akashuka amekikumbatia kikopo, na fimbo yake ya kuvulia akaiacha kitini.